Kiyoyozi Kinachongoja Sahihi ya Jenoveva

Jumatatu, 3 Februari 2025. Makoko, Musoma.

Yah: Kuondoka kwa mke.

Rejesta hii nilipewa siku ya kustaafu, pamoja na saa ya ukutani ambayo haijawahi kutembea. Imekaa kabatini miaka mitano bila doa. Leo nimeifungua kwa sababu nimebaki peke yangu, na mtu aliyekuwa karani wa vibali vya ujenzi kwa miaka thelathini na moja hawezi kukaa na jambo kichwani bila kuliandika mahali.

Mambo yenyewe ni haya. Jana joto lilizidi. Nyumba yetu imeelekea machweo, bati limechoka, na jioni madirisha hatufungui kwa sababu ya wadudu wa ziwani, wale wanaoingia kwa maelfu mpaka kwenye chai. Yunis, mke wangu, alivumilia weee, mwisho akaburuta godoro kwenda barazani. Nilimwambia, tena kwa upole, kwamba kwenye ramani ya nyumba baraza ni baraza, haikupitishwa kuwa chumba cha kulala. Nikaenda kumletea ramani aone mwenyewe.

Hakuiangalia ramani. Aliniangalia mimi, kwa muda mrefu. Leo asubuhi amefunga sanduku, amekwenda Butiama kwa dada yake Ghati, ambako kuna ubaridi.

Mlangoni aliniambia, "Baba Clementi, mimi nitarudi nyumba ikipoa."

Sawa. Nitanunua kiyoyozi.

Jumatano, 5 Februari

Sebuleni nyuzi 34. Nimekula ugali na maziwa mgando. Nyumba ina kelele zangu tu.

Jumamosi, 8 Februari

Kiyoyozi kimefika kwa basi kutoka Bunda, kikisindikizwa na fundi wake. Anaitwa Kija, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye mdomo mwepesi na begi zito. Alinieleza vizuri: mashine moja inakaa chumbani na kutoa baridi, nyingine inakaa ukutani nje na kutoa joto lote lililokuwa ndani.

"Shikamoo, mzee. Hapa ni saa mbili tu, leo unalala na shuka."

Alikuwa ameshaweka drili ukutani nilipomuuliza kuhusu kibali.

"Kibali cha nini, mzee? Mimi nimefungaga AC Bunda nzima, sijawahi kuulizwa."

Nilimwambia hapa si Bunda. Nikatoa faili. Kanuni ya 11 ya mtaa wetu inasema kwamba kitu chochote kitakachofungwa nje ya ukuta, na kutoa moshi, upepo, maji au kelele, sharti kipate kwanza ridhaa ya maandishi ya jirani anayepakana, ithibitishwe kwa mhuri wa ofisi ya mtaa. Kija aliisoma mara mbili.

"Sasa hii kitu aliandikaga nani?"

"Mimi."

Alichomoa waya wa drili kwenye umeme, akaanza kukunja vifaa vyake.

Jirani anayepakana upande wa chumbani ni Jenoveva, mwuza dagaa. Na hapa lazima niandike ukweli, maana rejesta ni rejesta. Kanuni ya 11 niliitunga mwaka 2009, nikiwa katibu wa kamati ya mtaa, kwa ajili yake yeye. Alikuwa amejenga tanuri la kukaushia samaki siku za mvua, na moshi ulikuwa unaingia kwetu. Tanuri lilibomolewa kwa kukosa ridhaa ya jirani. Jirani nilikuwa mimi.

Kija amerudi Bunda. Boksi la kiyoyozi liko sebuleni na nimelifanya meza.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya misa nimekwenda kwa Jenoveva na fomu. Alikuwa uani anageuza dagaa kwenye nyavu zilizotandikwa chini.

"Mzee Wanzagi! Karibu. Leo umekuja kubomoa nini?"

Nilieleza haja yangu. Alinawa mikono, akakaa, akasoma fomu kuanzia nembo mpaka nukta ya mwisho.

"Picha mbili za pasipoti ziko wapi?"

"Mama, fomu hii haitaki picha."

"Enhe. Mimi ulinitakaga picha. Nikapiga mara tatu. Ya kwanza ukasema sikio halionekani."

Ni kweli nilisema hivyo. Sikio lilikuwa halionekani.

"Uje Alhamisi," akasema, akarudi kwa dagaa wake.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwenda. Ameniambia mwenye kusaini ametoka. Mwenye kusaini ni yeye mwenyewe, na alikuwa mbele yangu anakula muhogo.

Ijumaa, 14 Februari

Nimempigia Yunis simu. Amesema huko wanalala na blanketi. Nimemweleza kwamba mchakato unaendelea vizuri na fomu iko hatua ya jirani. Akasema, "Haya," kisha akanipa Ghati tusalimiane. Na Ghati naye akasema, "Haya," kwa sauti ileile.

Jumatatu, 17 Februari

Nimekwenda ofisi ya mtaa kumwona mtendaji wetu, Yakobo. Huyu nilimfundisha kazi mimi mwenyewe, namna ya kupiga mhuri usivuje wino, na mpaka leo ananiita bosi.

"Bosi, funga tu," akasema. "Watu ishirini na kitu humu mtaani wana AC. Hakuna aliyeomba."

"Hata mmoja?"

Alitazama dari. Ndipo nikahisi ubaridi shingoni. Ofisi ya mtaa yenyewe ina kiyoyozi! Niliomba kuona ridhaa ya jirani. Yakobo alianza kutafuta kwenye droo, akapata kifuniko cha kalamu na pipi moja, akanipa pipi.

Nikazunguka nyuma kukagua. Mbele ya ile mashine ya nje alikuwa ametundika kamba, na kwenye kamba soksi zake jozi nne. Wakati wangu, hakuna mtumishi aliyeanika soksi ofisini. Nilizigusa ili niweze kutoa taarifa kamili. Zilikuwa kavu kabisa, na alikiri amezifua asubuhi hiyohiyo.

Sitafunga bila kibali. Mtu hawezi kuvunja kanuni aliyoitunga mwenyewe, watu watasema alikuwa anatania miaka yote hiyo.

Alhamisi, 20 Februari

Nimekwenda kwa Jenoveva. Amesema kalamu yake ni nyekundu na fomu inataka wino wa buluu. Nimempa yangu ya buluu. Ameijaribu kwenye karatasi, ameisifu, ameiweka sikioni. Nirudi Jumatano.

Jumapili, 23 Februari

Wadudu wa ziwani wameingia. Nimefunga madirisha. Joto. Nimemwota Yunis.

Jumatano, 26 Februari

Nimesubiri kwenye benchi la Jenoveva kuanzia saa tatu hadi saa saba. Wateja walikuja na kuondoka, wote akiwahudumia kwa jina, huyu akimuulizia mtoto, yule akimwongezea kiganja cha dagaa. Mimi nilisubiri. Saa saba akaniambia muda wa kazi umekwisha.

Nikapandisha sauti kidogo. Nikamwambia hii si haki, mtu mzima kukalishwa benchi saa nne.

"Mimi nilikuwaga nakaa saa sita," akasema bila hasira. "Kile kibenchi chenu kilikuwa na msumari."

Nimerudi nyumbani nikajaribu kukumbuka ule msumari. Ulikuwepo. Niliuandikia barua ya matengenezo mwaka 2006 na sikufuatilia, kwa kuwa mimi nilikuwa nakaa kwenye kiti.

Jumapili, 2 Machi

Kija amepiga simu kutoka Bunda. "Mzee, kibali kimeota?" Nimekata simu.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nilijua leo atakuwa na moyo laini. Nilimkuta ametoka kanisani, jivu bado liko kwenye paji la uso. Nikampa fomu kwa mikono miwili.

"Mzee Wanzagi, umechelewa. Kwaresima imeanza na kila mtu anajinyima kitu. Mwaka huu mimi nimejinyima kusaini."

"Mpaka lini?"

"Pasaka ni tarehe ishirini mwezi wa nne."

Nikaikunja fomu. Mbele ya jivu unabishana na nani?

Jioni nimempigia Yunis. Nilipomwambia habari ya Kwaresima, kwa mara ya kwanza tangu aondoke nilimsikia akicheka. Kisha akajizuia. Niliuliza kama amenikumbuka. Akasema, "Wewe umenikumbuka, au umekumbuka mtu wa kumwonyesha ramani?" Nimeliandika swali hili hapa lisipotee.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Afadhali vumbi limelala. Unyevu umebaki na joto liko palepale.

Jumatano, 12 Machi

Mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Nimeona Jenoveva akihamisha dagaa uani, akiwarudisha, akiwahamisha tena.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika haya nikiwa nimevaa koti, chumbani kwangu, Makoko, mwezi wa tatu. Nieleze taratibu.

Asubuhi mvua ilikuwa siku ya nne. Kutoka dirishani nilimwona Jenoveva chini ya turubai. Aliokota dagaa mmoja, akamkunja, akamnusa, akamrudisha. Kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso kwa khanga. Jenoveva ninayemjua ni mdomo mtupu. Kunyamaza kwake kulinitisha kuliko maneno yake yote ya mwezi mzima.

Nikavuka kwenda kwake. Fomu niliiacha mezani, yaani juu ya boksi.

"Kuna nini, mama?"

"Gunia kumi na mbili, mzee. Nimezitoa kwa wavuvi Murangi Jumatatu, mbichi. Ni za shule ya bweni kule Bunda, gari linakuja Jumatatu ijayo. Zimeanza kunuka. Wakikuta zimeoza wanachukua kwa mtu mwingine na hawarudi tena."

"Zinataka nini?"

"Upepo mkavu tu. Wenye moto kidogo. Ningekuwa na lile tanuri langu hata nisingelia."

Hakusema kwa ubaya. Ningefurahi kama angesema kwa ubaya.

Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. "Mwaka ule wa tanuri, ilikuwaje baadaye?"

"Masika ile nilimwagaga zote ziwani. Benjamini wangu akakosa ada, akakaa nyumbani mwaka mzima, shule akairudia mwaka uliofuata. Wewe ulikuwa unampitaga pale getini, ukawa unamuuliza kwa nini hajavaa sare."

Nilikuwa namuuliza, ndiyo. Kila asubuhi, nikidhani namhimiza. Miaka kumi na sita nimepakana na mama huyu, faili lake nalijua mpaka namba, na hili sikulijua. Niliona aibu, aibu ya kweli, na mvua ikanipiga nikiwa nimesimama tu.

Ndipo nikazikumbuka soksi za Yakobo.

Nilimpigia Kija. Akafika saa sita, ameloa mpaka kwenye viatu.

"Kibali kimetoka?"

"Funga."

"Mzee, kimetoka au hakijatoka?"

"Kija, funga kabla akili haijanirudia."

Alifunga. Mashine ya nje tuliiweka chini kidogo ukutani, uso wake kwa Jenoveva. Tulivuta turubai kutoka bati langu hadi nguzo ya jiko lake, chini yake tukapanga chanja tano za miti, na dagaa juu. Kisha Kija akatupa somo. Mashine ikishapoza chumba inajizima, na ikijizima ndani, nje hakuna upepo wa moto. Tukitaka iendelee, chumba kisipoe.

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo fungua madirisha, mzee. Yote. Poza Makoko nzima."

Kwa hiyo nimekaa hapa. Rimoti iko kumi na sita, madirisha yako wazi, baridi inanipiga kisogoni, na wadudu wa ziwani wamekuja kuona kuna nini. Kazi yangu ni kuangalia mashine isizimike. Kila baada ya muda nasikia kutoka nje:

"Mzee, ongeza!"

"Imefika mwisho!"

"Ongeza hivyohivyo!"

Nimevunja Kanuni ya 11, kifungu cha kwanza, cha pili na cha nne. Cha tatu kinahusu moshi.

Jumamosi, 15 Machi

Gunia nne zimekauka. Dagaa akikunjwa anavunjika kwa mlio. Jenoveva alikuja dirishani kunivunjia mmoja masikioni nisikie. Umeme ananunua yeye, amekataa katakata ninunue mimi. Sahihi bado hajaweka. Nilimkumbusha, akasema Kwaresima ni Kwaresima.

Jumapili, 16 Machi

Misa nimekosa kwa sababu ya ulinzi wa mashine. Saa nane mchana gunia la kumi lilikuwa linafungwa, mimi niko chumbani na koti na kofia, nikasikia sanduku likiwekwa sebuleni.

Yunis alisimama mlangoni. Akatazama madirisha yaliyo wazi, rimoti mkononi mwangu, dagaa watatu waliorushwa na upepo mpaka kitandani.

"Jenoveva alinipigia," akasema. "Akaniambia mumeo kavunja sheria. Nikamwambia huyo atakuwa mume wa mtu mwingine. Nimekuja kuhakikisha."

"Ni mimi."

"Kibali?"

"Hakipo."

"Sahihi ya jirani?"

"Hakuna."

Aliketi kwenye kona ya kitanda akacheka mpaka akapangusa macho na kitenge. Tumeoana miaka thelathini na tisa, na sikumbuki kumchekesha hivyo hata mara moja. Kule nje Jenoveva alipousikia mlio wa kicheko akapiga vigelegele, halafu akapaza sauti niongeze.

Yunis alipotulia aliniuliza, "Sasa mimi nitalala wapi? Humu kuna soko."

Nilinyanyua godoro. Lilikwama mlangoni, ikabidi nimwombe asukume, akasukuma. Nikalitandika barazani, nikatafuta misumari, nikafunga chandarua kwenye nguzo. Yeye alisimama amekunja mikono akiangalia kila kitu ninachofanya, kama anayengoja nitaje ramani.

Sikuitaja. Nilimwambia nimekosa, siku ile na siku nyingine nyingi, na nyumba bila yeye haikaliki hata ikiwa na baridi. Akasema, "Chandarua kimepinda." Nikakinyoosha.

Jumatatu, 17 Machi

Gari la shule limekuja. Magunia kumi na mawili yamepokelewa. Jenoveva amecheza pale barabarani, kwenye tope.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kujishtaki kwa Yakobo. Alishika kichwa.

"Bosi, kwa nini unanifanyia hivi?"

Alifungua kanuni. Adhabu, niliyoiandika mwenyewe, ni kuondoa kitu hicho ndani ya siku saba au kuleta ridhaa ya jirani. Akamwita Jenoveva. Jenoveva akasema kusaini hasaini mpaka Pasaka, na mashine ikiondolewa yeye analala barabarani mbele ya ofisi. Yakobo akahesabu siku kwa vidole, akaona saba hazifiki Pasaka, akaandika kwamba shauri litasikilizwa kwenye kikao na kwamba kikao kimeahirishwa kwa kukosa akidi. Mbinu hiyo ya akidi nilimfundisha mimi.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Mashine imewashwa. Tumelala barazani.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Yunis anashinda chini ya turubai akigeuza dagaa na Jenoveva. Mwanamke aliyekimbia joto mpaka Butiama anakaa kutwa nzima kwenye upepo wa moto na hasemi lolote. Nimeuliza. Ameniambia joto la huko lina maongezi.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Yah: Ridhaa.

Jenoveva amekuja asubuhi, amevaa gauni la Pasaka, na picha mbili za pasipoti ambazo hakuna aliyemtaka alete. Masikio yote mawili yanaonekana. Amesaini kwa kalamu yangu ya buluu, iliyokuwa sikioni kwake tangu Februari, na chini ya sahihi ameongeza sharti kwa mkono wake: siku za mvua mashine iwashwe, na mzee avae koti. Yakobo amepiga mhuri palepale. Haukuvuja.

Kwa hiyo kiyoyozi changu ni halali kuanzia leo saa nne asubuhi, ingawa chumbani kinapopoza halali mtu.

Saa hizi ni alasiri, mvua imekatika na joto limerudi. Yunis amejinyoosha kwenye godoro barazani, anajipepea na karatasi ngumu aliyoikuta kabatini. Nimeitazama vizuri: ni ramani ya nyumba, nakala halisi, yenye mhuri. Ameikunja mara mbili, na kwa alivyoikunja, chumba cha kulala kimeangukia juu ya baraza.

Nimesogeza kiti karibu yake, na mimi nipate upepo.